Bajaji ya theluji na hita iliyotoa baridi

Saa kumi alfajiri, nyuzi 27 chini ya sifuri, nimo ndani ya kabini nakwangua barafu kwenye kioo cha mbele kwa kadi ya benki. Kwa upande wa ndani. Ilikuwa pumzi yetu wenyewe iliyoganda pale. Feni ya hita nimeifungua mpaka mwisho, inavuma utadhani helikopta, na hewa inayonipiga vidoleni ni ile ile ya nje, sema imepitia kwenye tundu la plastiki kwanza. Kiti cha pembeni alikuwa mzee mmoja wa Bukavu, Kongo, tunayefanya naye kazi, kajikunyata ndani ya makoti mawili. Akaniambia, "Kijana, hii shofaji inatosha baridi." Nikamjibu, kweli mzee, inatosha, tena imezidi. Akanitazama kwa mshangao. Wiki nzima ilipita ndipo nikajua kwamba kwa Kiswahili cha kwao kutosha ni kutoa. Alikuwa ananiambia hita inatoa baridi, na alikuwa sahihi kabisa.

Hapa ni Moorhead, Minnesota. Ukivuka daraja la Mto Red umeshaingia Fargo, North Dakota. Nchi ni tambarare kama sinia, hakuna kilima wala msitu wa kukinga upepo. Kazi yetu ni kusafisha theluji kwenye njia za waenda kwa miguu na viwanja vya majengo ya kupanga, na kwa njia hizo nyembamba hutumii lori. Unatumia kigari kidogo cha kazi, viti ubavu kwa ubavu, tairi zenye meno, pala la chuma mbele, ndoo ya chumvi nyuma. Wenyewe wanakiita UTV. Sisi tuliotoka nyumbani tunakiita bajaji ya theluji. Kiwandani vingi vinatoka wazi, bila mlango wala kioo. Kabini na hita hufungwa baadaye. Chetu bosi alikifunga mwenyewe mwezi wa kumi, akasema mwaka huu mtakula bata.

Sasa, mimi kabla ya kuja huku nilikuwa saidia fundi mitaa ya Gerezani, Dar es Salaam, kwa miaka 6. Aliyepita gereji za Dar es Salaam anajua kitu cha kwanza kinachofanywa gari likija limechemka: unafungua kikombe cha themostati, unakitoa kile kidude, unakitupa kwenye ndoo ya chuma chakavu, unafunga. Maji yatembee. Nimetoa themostati nyingi kuliko filta za oili, na sikumbuki hata siku moja mtu aliyeniuliza ile kitu kazi yake ni nini. Kwetu ilikuwa kama kizuizi cha barabarani kilichowekwa na wazungu kwa sababu zao. Adui wa Dar ni joto, na kila maarifa niliyobeba kichwani yalikuwa ya kulifukuza.

Kwa hiyo siku ya mapumziko nikalala chini ya kile kigari na tochi. Injini yake ni ya silinda mbili, haifiki lita moja, na imekaa nyuma, chini ya viti. Rejeta iko mbele kabisa puani. Mipira miwili mikubwa inapita chini ya sakafu, mmoja unapeleka maji ya moto mbele, mwingine unarudisha. Hita si mtambo wa kutengeneza joto, ni rejeta ndogo ya ukubwa wa kitabu, imefichwa nyuma ya dashibodi, na feni nyuma yake. Maji ya moto ya injini yakipita humo, feni inapuliza, unapata hewa ya moto. Bosi alikuwa amekata ile mipira mikubwa karibu na rejeta, akaweka viungo viwili vya T, akavuta mipira midogo kwenda kwenye hita. Rahisi, mwendo mfupi, inchi chache tu kutoka puani mpaka dashibodi.

Nikaona tatizo palepale, na niliona sawasawa. Themostati, yaani kilango kinachofunguka maji yakishapata moto, iko kwenye injini, kule nyuma. Ikiwa imefunga, hakuna tone la maji linalokwenda mbele, na hita iko mbele. Kwenye baridi kali, injini ndogo isiyo na kazi nzito inafungua themostati kidogo tu, kama mtu anayechungulia dirishani. Hicho kijito kinachopita kikifika kwenye T kinachagua njia pana, yaani rejeta kubwa. Hita inabaki kuonja.

Ugonjwa nilikuwa nimeupata. Dawa niliyochagua ndiyo ya Gerezani. Nikatoa themostati.

Siku ya kwanza nilijisifu. Dakika 5 baada ya kuwasha, hewa ikawa vuguvugu, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Mzee akavua glovu moja. Lakini vuguvugu likabaki vuguvugu, na tulipoanza kukimbia barabarani kutoka jengo moja kwenda jingine, upepo ukiingia puani, likapotea. Nilikuwa na kile kipima joto cha bunduki, kama vile walivyotulenga navyo kwenye paji la uso wakati wa korona. Nikaupiga mpira wa maji unaoingia kwenye hita: nyuzi 34. Joto la mwili linazidi hapo! Nilikuwa nimeifungulia injini ndogo rejeta kubwa muda wote, kwenye upepo wa nyuzi 27 chini ya sifuri. Maji yalikuwa yanatembea vizuri sana, ila hayakuwa na cha kubeba.

Wiki 2 baadaye bosi akaniita. Kigari kinakunywa petroli kuliko zamani, kwa nini? Nikafungua kifuniko cha oili, chini yake kuna urojo wa rangi ya chai ya maziwa. Oili yenyewe inanuka petroli. Injini isiyopata joto kompyuta yake inaendelea kuimwagia mafuta ya ziada, kama vile ndiyo kwanza inawashwa, na mengine yanateremka kwenye oili. Mvuke wa ndani nao haupati joto la kuufukuza, unageuka maji, unachanganyika na oili. Ningeendelea mpaka mwezi wa tatu ningemuua injini wa watu. Nikamwambia bosi ukweli, kwamba nimetoa themostati. Hakufoka. Aliuliza tu, kwa upole ulioniuma zaidi, "Kwa nini utoe kitu ambacho kazi yake ni kuweka injini moto?"

Nikanunua mpya. Kabla ya kuifunga nilitaka niione ikifanya kazi, maana miaka yote ile sikuwahi. Nikachukua sufuria, maji, kipima joto cha jikoni, nikaining'iniza themostati kwa uzi isiguse chini. Mke wangu akasimama mlangoni. "Baba watoto, hiyo si sufuria yangu ya wali?" Nikamwambia nitaiosha. Nyuzi 60, kimya. 70, kimya. Ilipofika 82, namba ile ile iliyochongwa ubavuni, ule mdomo wa shaba ukaanza kuachama, polepole, bila waya wala betri. Ndani yake kuna nta. Ikiyeyuka inavimba, inasukuma kipini. Ikipoa inajirudi, springi inafunga. Nikazima jiko nikaangalia inafunga, nikawasha tena. Mke wangu naye akaishia kukaa kuangalia. Sufuria alininunulisha nyingine.

Kurudisha themostati peke yake kungenirudisha nilikotoka, kwa sababu kosa la bomba lilikuwa bado lipo. Maji ya hita lazima yachukuliwe upande wa injini, kabla ya themostati, ambako yanakuwa ya moto hata kama themostati imefunga. Na hapa injini yenyewe ilinisaidia. Kwenye nyumba ya themostati kulikuwa na mpira mdogo unaopitisha maji pembeni, kutoka kichwani mwa injini kurudi kwenye wota pampu, ili maji yazunguke ndani ya injini wakati themostati imefunga. Nikaukata huo mpira, nikaipachika hita katikati yake. Maji yanatoka kichwani, yanakwenda mbele mpaka hita, yanarudi pampuni. Rejeta kubwa inapewa kile kinachobaki tu, na ndivyo inavyotakiwa.

Anayetaka kufanya hivi ajue mambo mawili. Usiweke koki ya kufunga kwenye mzunguko huo, maana ukifunga koki umefunga na ile njia ya pembeni ambayo injini inaitegemea. Kiangazi sisi tunatoa milango, tunazima feni, basi. La pili, mpira usiwe mwembamba kuliko ule uliokata. Na kama injini yako haina njia hiyo, usilazimishe. Tafuta mchoro wa mzunguko wake wa maji kwanza. Mimi niliangalia mchoro mara tatu kabla ya kushika kisu, nikiwa nimeshatiwa adabu.

Halafu likaja suala la hewa. Nikajaza kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia maji yasigande, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa, mchanganyiko unaohimili mpaka kama nyuzi 37 chini ya sifuri. Gerezani tulijaza maji ya bomba, na hata ya dimbwi niliwahi kuona. Huku ukifanya hivyo asubuhi unakuta injini imepasuka. Nikawasha. Nyuma ya dashibodi nikasikia sauti ya mtu anayesukutua mdomo. Hita baridi. Nikashika mipira yake miwili: unaoingia unaunguza, unaotoka kama jiwe la mtoni.

Hapa ndipo mkono unamaliza ubishi wote. Mipira yote miwili ikiwa baridi, maji ya moto hayafiki, tafuta kule nyuma. Wa kuingia moto na wa kutoka baridi, maji hayapiti vizuri, ama kuna hewa ama kuna uchafu umeziba. Yote miwili ikiwa moto na bado unapigwa na baridi, acha maji, tatizo liko kwenye feni au kwenye njia za hewa. Kipima joto cha bunduki kinasaidia, ila lenga mpira mweusi. Ukilenga chuma kinachong'aa kitakudanganya.

Kwangu ilikuwa hewa. Hita ndiyo ilikuwa mahali pa juu kuliko hata kifuniko cha rejeta, na hewa hupanda juu ikakaa. Dawa ni kuinua pua ya gari mpaka kifuniko cha rejeta kiwe juu kuliko vyote. Jeki zangu hazikutosha. Mzee wa Bukavu akanyoosha kidole kwenye mlima wa theluji tulioulundika wenyewe pembeni ya uwanja, mgumu kama saruji. Tukakipandisha kigari pua juu, tukaweka magogo nyuma ya tairi, kifuniko wazi injini ikiwa bado baridi, tukawasha. Mzee akawa anaminya mipira kwa mkono kama anakamua ng'ombe. Mapovu yakatoka, kulanti ikashuka, nikaongeza, yakatoka tena. Kama nusu saa hivi. Kisha ile sauti ya kusukutua ikakatika, na mzee akatoa kichwa ndani ya kabini akiwa hana la kusema. Akanikamata mkono akaupeleka kwenye tundu la hewa. Moto!

Nilipima: nyuzi 51 mdomoni mwa hita, tukiwa tumesimama. Lakini tulipoingia barabarani zikashuka mpaka 38. Safari hii kosa ni la urefu. Sasa mipira inasafiri karibu mita 2 na nusu chini ya sakafu kwenda na nyingine kurudi, ikipigwa na upepo na theluji inayorushwa na tairi. Nikanunua ile sponji nyeusi ya mpira ambayo mafundi wa viyoyozi wanavisha mabomba, nikahakikisha imeandikwa inahimili zaidi ya nyuzi 100, nikaivisha mipira mwanzo hadi mwisho, mikanda ya plastiki kila shubiri. Kazi ya chini ya dola 40 na mgongo kuuma siku 2. Barabarani sasa napata 47, na kwa kazi ya kusukuma theluji nzito, injini ikikohoa, zinapita 55.

Bado miguu ilikuwa inaganda, na jambo hili lilinichanganya: uso unatoka jasho, vidole vya miguu sivisikii. Kabini ya kufunga baadaye ina matundu ambayo macho hayayaoni. Nikakumbuka udi. Mke wangu anavyo vijiti vyake vya Ijumaa, nikaiba viwili. Nikaegesha kigari pua ikitazama upepo, nikafunga milango, nikawasha kijiti, nikakipitisha polepole kuzunguka ndani kama mtu anayefukiza nyumba mpya. Moshi unapanda wima, unapanda wima, halafu ukifika kwenye mguu wa breki unalala chali. Pale kuna tundu. Shina la usukani, tundu la kuingiza dole gumba. Mahali waya wa gia unapopita, hivyo hivyo. Na nyuma, chini ya kioo, ufa mrefu kama mkono. Huo wa nyuma nilikuwa siujali, kumbe gari likikimbia, nyuma yake hewa inazunguka na kusukumwa ndani, pamoja na vumbi la theluji. Ndiyo maana koti la mzee lilikuwa na unga mweupe mgongoni kila asubuhi na mimi nikidhani ni mba.

Nikaziba kwa sponji, kwa mpira wa tairi chakavu niliokata duara na kuuchana katikati ili mkono wa pedali upite, na kwa silikoni. Sakafuni nikalaza kipande cha zulia la mpira. Ukiniuliza pesa na muda viende wapi kwanza, nitasema kwenye matundu, kabla hujagusa mpira wowote wa maji. Mimi nilianza na maji kwa sababu ni fundi, na fundi akiona baridi anafikiria injini.

Baada ya kuziba, vioo vikaanza kuingia ukungu. Watu wawili wanapumua, viatu vina theluji inayeyuka sakafuni, mvuke hauna pa kutokea. Feni yetu ilikuwa inavuta hewa kutoka chini ya boneti, ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Nikaigeuza ivute hewa ya ndani, joto likapanda vizuri lakini kioo kikawa kama bafuni. Mwishowe nikaacha tundu la nje wazi robo tu, na dirisha la nyuma likabaki wazi upana wa kidole. Na sheria moja tunayogombana nayo kila siku: gonga viatu kabla hujapanda.

Mengine ni tabia tu. Usiwashe feni kwa nguvu zote injini ikiwa baridi, utaipoza hita yenyewe. Anza namba 1, subiri. Ukisimama kunywa chai injini ikilia taratibu, usishangae hewa ikipoa, injini ndogo isiyofanya kazi haina joto la kukugawia. Siku zikizidi nyuzi 25 chini, naweka kadibodi nusu ya rejeta, na jicho langu haliondoki kwenye mshale wa joto. Usiku tunachomeka hita ya umeme ya injini ukutani. Nilipofika huku nilishangaa kuona magari yana waya unaoning'inia puani, nikadhani yote ni ya kuchaji.

Kabla ya haya yote kufanikiwa, mzee alikuja na kijihita cha kuchomeka kwenye soketi ya sigara. Soketi ile ina fyuzi ya ampea 15 kwenye volti 12, ni wati 180. Pasi ya nguo ni wati 1000. Kilipasha kidole. Baadaye mwenzetu mwingine akaleta jiko dogo la gesi la kuweka sakafuni, hapo nikakataa katakata mpaka tukakosana siku mbili. Mimi nina ndugu Njombe. Kila msimu wa baridi kule unasikia watu wamelala na jiko la mkaa chumbani, asubuhi hawakuamka. Ile hewa ya sumu ya jiko haina rangi wala harufu, na kabini yetu nilikuwa nimeshaiziba kila tundu kwa mkono wangu.

Mwezi wa pili nilimpigia fundi mkuu wangu wa Gerezani. Shikamoo, marahaba, za huko, baridi. Nikamweleza habari yote, ya nta, ya sufuria, ya urojo kwenye oili, nikamwambia fundi, zile themostati tulikuwa tunakosea, kama gari lilichemka ugonjwa ulikuwa kwenye rejeta iliyoziba au feni. Akanyamaza kidogo. Kwa nyuma nasikia nyundo na honi za Kariakoo.

"Sawa," akasema. "Sasa zile za kwenye ndoo tumeshauza kwa kilo. Unataka nizitafute wapi?"